Dereva Aliyekatazwa Kuomba Radhi

Mgeni wa kwanza kuingia sebuleni kwetu bila kupiga hodi alikuwa lori. Hata shemeji yangu, ambaye haya zilimpitia mbali, hukohoa mlangoni. Lori hili halikukohoa. Lilishuka mteremko kutoka kwenye kibanda cha chai, likavuka barabara, likakanyaga maua ya Mama, likatoboa ukuta chini ya dirisha, likasimama na pua yake juu ya zulia letu, limetulia kabisa, kama limekuja kutazama taarifa ya habari. Televisheni yenyewe ilikuwa chini ya gurudumu.

Tena ndani ya lori hamkuwa na mtu. Dereva alifika baadaye kwa miguu, anahema, kikombe cha chai bado kimo mkononi. Alikuwa ameliegesha pale juu, akaiachia breki ya mkono dhamana yote, akaenda zake kunywa chai. Kila dereva anayepita njia ile anajua kwamba mteremko wetu hauaminiki. Ukisimama unatafuta jiwe, unaliweka mbele ya gurudumu, hata kama breki umebadilisha jana. Yeye hakuweka jiwe. Mtaa mzima ulimwona akilifukuza lori lake huku akipiga kelele, "Simama! Simama!" na lori, kwa kuwa si mbwa, halikumsikiliza.

Mimi nilikuwa chumba cha nyuma kwenye cherehani, nashona sare za shule. Niliposikia kishindo nilidhani nyumba ya jirani imeanguka, na nakiri mbele ya Mungu, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba niliwaambia. Nilipotoka nikamkuta Mama amesimama kwenye mlango wa sebule, mwiko mkononi, vumbi limempaka hadi kwenye kope. Mbele yake, juu ya vifusi, alisimama mwanamume mkubwa mwenye mabega ya kubebea milango. Chai inamwagika kwenye zulia.

Akamtazama Mama kuanzia kichwani hadi miguuni. Mdomo ukafunguka. Tukasubiri. Kwa sababu mtu akiingiza lori ndani ya nyumba ya watu, neno la kwanza linajulikana, halihitaji shule. Mdomo ukafungwa. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kikadi kilichopauka, akakisoma huku midomo ikicheza, kisha akasema:

"Chanzo cha tukio kinachunguzwa."

Mama akanigeukia. "Huyu kasemaje?"

"Kasema chanzo kinachunguzwa, Mama."

"Chanzo si yeye?"

Yule mtu akakisoma kikadi tena, safari hii taratibu zaidi, labda kuna kitu alikiruka. Hakukuwa na kitu. "Chanzo cha tukio kinachunguzwa, mama," akarudia, akakirudisha mfukoni.

Tangu siku hiyo mtaa ukampa jina. Wakamwita Bwana Chanzo.

Ajali ikitokea, kila mtu huwa wakili. Kabla vumbi halijatulia sebule ilikuwa imejaa watu wanaojua la kufanya. Fundi redio wa nyumba ya pili aliingia akipaza sauti, "Msiguse kitu! Sheria inasema msiguse kitu!" na mkono wake mmoja ulikuwa unafungua boneti. Mwenye duka alimvuta Mama pembeni akamshauri alale chini agumie, kwa sababu bima haimjui mtu aliyesimama. Mama, ambaye hapendi kukataa ushauri mbele za watu, alijilaza kwenye kochi lililobaki, akagumia mara moja, kisha akakumbuka maharage yake jikoni, akanyanyuka. Shemeji yangu alijipiga picha mbele ya taa za lori. Ajali haina kinga, akaandika chini ya picha, akawatumia ukoo mzima.

Askari wa barabarani alikuja na futi ndefu. Akapima kutoka kibanda cha chai hadi kwenye kabati letu la vyombo, akachora kwa chaki juu ya zulia, zulia ambalo sisi tulikuwa haturuhusiwi kulikanyaga na viatu. Halafu akamuuliza Mama, "Wakati wa ajali nyumba ilikuwa inaelekea wapi?"

"Ilikuwa imesimama, afande," Mama akasema. "Haijawahi kutembea."

Akaandika. Alipomaliza alitangaza kwamba lori lisisogezwe mpaka mkaguzi wa bima afike. Fundi mwashi naye, tuliyemwita aangalie ukuta, aliangalia juu badala ya ukuta, akapiga mluzi. Paa la upande ule, akatuambia, sasa limekalia kichwa cha lori. Lori likitoka na paa linashuka, isipokuwa kwanza asimamishe nguzo ndani, tena si nguzo moja. Kwa hiyo lori lililobomoa nyumba yetu ndilo lililokuwa likiishikilia. Ukitaka kucheka hapo cheka, mimi siku ile sikuweza.

Nilidhani Mama atakuwa wa kwanza kusema nguzo ziletwe. Badala yake alikwenda akasimama mbele ya lori, akawaambia wote kwa pamoja, askari, fundi na Bwana Chanzo: "Hapa haiingii nguzo. Lori halitoki mpaka huyu mtoto wa watu aniombe radhi. Sitaki kingine. Akishasema, bebeni mzigo wenu mwende."

"Mama, kuna fidia," askari akajaribu.

"Fidia ni ya ukuta. Ukuta ukalipwe. Mimi nataka neno langu."

Sote tukamgeukia Bwana Chanzo. Jasho lilimtoka hadi kwenye nyusi. Akamnyooshea askari kile kikadi. Askari akakisoma, akanipa mimi. Kilikuwa ni mafunzo ya kampuni yao kwa madereva, mambo ya kufanya baada ya ajali, kwa herufi nzito: usilisogeze gari, usiliache gari, usikubali kosa, usiombe radhi wala kumpa mtu yeyote pole. Na chini kabisa: atakayekiuka hana kazi.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, lakini sidhani kama walikuwa wanamfikiria mtu aliyejikwaa na lori zima.

Kwa hiyo tukaanza kuishi na lori. Kikadi kilisema dereva asiliache gari, naye hakuliacha. Alilala kwenye kibini, kile chumba cha dereva, na kibini kilikuwa nusu nje nusu kwetu, dirisha lake linatazama moja kwa moja meza yetu ya chakula. Mkila, mnaliwa na macho. Siku ya kwanza Mama alivuta pazia, lakini pazia lilikuwa limeangukia upande wa lori. Akakaa mbele ya sahani yake, akapeleka kijiko mdomoni, akakirudisha.

"Mpelekee yule," akaniambia bila kuinua macho.

"Yule nani?"

"Unaniuliza yule nani, hapa kuna wageni wangapi? Mpelekee. Siwezi kula na mtu ananitazama."

Nikampelekea, nikamkabidhi sahani kupitia dirishani kwa uso nilioukunja makusudi. Bwana Chanzo akaitazama sahani, akatoa kikadi, akakipitia juu hadi chini. Kisha uso ukamnyooka. Kushukuru hakukukatazwa.

"Asante, mama!" akapaza sauti kunipita mimi. "Asante sana! Mungu akuzidishie! Asante kwa chakula, asante kwa maji, asante kwa yote!"

Tangu hapo ikawa ndiyo lugha yake. Kila alichotaka kusema na hakuruhusiwa alikiingiza kwenye asante. Mama akikohoa jikoni, asante inasikika sebuleni. Asubuhi Mama akifungua mlango wa nyuma, asante. Nilimsikia siku moja akimshukuru kwa hali ya hewa. Na asante hizo zilikuwa na mzigo, ungeweza kuusikia, lakini Mama alitikisa kichwa kila mara. "Hiyo siyo," alikuwa akisema, na kuendelea na shughuli zake.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hatukumpa, alilichukua mwenyewe. Alizoa vifusi, akavipanga uani kwa ukubwa, jicho moja likiwa kwa lori isije ikaonekana ameliacha. Alikaza bawaba ya mlango wa jiko iliyokuwa ikilia tangu Baba yu hai. Aliosha sahani zake na zetu. Jambo pekee ambalo hakuweza kulifanya ni kuziba lile tundu, na lori lake lilikuwa limesheheni saruji hadi juu. Mifuko kwa mifuko ya saruji, imekaa mlangoni kwa watu wasio na ukuta, na kugusa hata mmoja ni marufuku. Fundi mwashi alikuwa anakuja kuitazama tu, anapumua kwa uchungu, anaondoka.

Nisiwe mchoyo wa ukweli, cherehani yangu haijawahi kupata wateja kama wakati ule. Watu ambao hawajashona kitu tangu wazaliwe walileta suruali za kupunguza. Ninawapima kiuno, shingo imegeukia sebuleni. Kila mmoja aliuliza maswali yale yale: lori limeumia wapi, injini imepona, saruji imelowa? Mwanamke mmoja alimpa Bwana Chanzo pole ya safari.

Na Mama alikuwa anabadilika. Hakuingia tena sebuleni isipokuwa kupita, na akipita alipita pembeni kabisa, bega likisugua ukuta. Kigoda chake alikihamishia jikoni. Pikipiki ikinguruma barabarani alishika ukingo wa meza. Mimi niliyaona yote hayo, nikasema ni ukaidi, kwa sababu namjua, alishawahi kumnunia muuza mkaa msimu mzima wa mvua na tukapikia majani makavu. Nilikuwa upande wake, lakini nilikuwa upande wake kwa hasira. Nilitaka ashinde. Sikufikiria sana anashindania nini.

Hatimaye mkaguzi wa bima akaja. Alikuwa mwembamba, nadhifu, tai imekaza, mtu mpole wa kuchosha. Alihesabu nyufa, akapiga picha kila kipande cha televisheni, akafurahi sana kuona chaki ya askari haijafutika. Halafu akakaa mbele ya Mama kwenye ndoo iliyogeuzwa, magoti yamekutana na kidevu.

"Mama, habari njema. Ukuta tutalipa. Televisheni tutalipa. Kochi, kiti, maua pia nimeyaandika. Tunachohitaji ni ruhusa yako tu, nguzo ziingie."

"Na mimi?" Mama akauliza.

"Wewe uliumia wapi?"

"Sikuumia."

"Basi, mama," mkaguzi akasema kwa upole wake ule, "wewe haumo."

Mama akainuka akaenda jikoni. Hakubamiza mlango. Laiti angeubamiza ningejua la kufanya. Alikaa kwenye kigoda chake akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi. Nikamwacha mkaguzi na ndoo yake, nikaenda moja kwa moja kwenye dirisha la lori.

"Wewe!" nikamwambia Bwana Chanzo. "Shuka."

"Mkaguzi ananiona, siruhusiwi kuacha..."

"Basi nisikilize hapo hapo ulipo. Unakula chakula cha mama yangu. Unalala unakoroma hadi vikombe vinagongana kabatini. Na neno moja tu, neno ambalo hata mtoto anafundishwa kabla hajafundishwa kufunga kifungo, limekushinda. Wewe huna mama?"

Nilitegemea anijibu kwa kikadi. Hakukigusa. Alitazama usukani, mikono yake mikubwa imelala mapajani.

"Ninaye," akasema.

"Angekuona leo angesemaje?"

Nikaondoka nikiwa nimeridhika na ukali wangu. Nyuma yangu nilimsikia akipiga simu. Alizungumza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeanza kila sentensi na "ndiyo, mama" na kuimaliza na "hapana, mama". Mkaguzi alisema atarudi kesho kuchukua ruhusa, kwa kuwa kampuni inataka saruji yake.

Kesho yake asubuhi alirudi kweli, akakalia ndoo yake. Alikuwa hajafungua mkoba tuliposikia mtu anapiga hodi. Hakuwa mlangoni. Alikuwa kwenye tundu. Tundu lile lingepitisha lori, tena lilikuwa limeshalipitisha, lakini yule bibi alisimama nje kwenye maua yaliyokufa, akapiga hodi, akangoja, akapiga tena, mpaka nilipopata akili ya kusema karibu. Alikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea kitu chochote kinachomhusu Bwana Chanzo kiwe. Ana kitambaa kichwani, mfuko wa safari begani, na vumbi la basi hadi magotini.

Bwana Chanzo aliruka kutoka kwenye kibini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akishuka bila kulitupia lori jicho. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," yule bibi akajibu bila kumtazama. Alikuwa anatazama ukuta, paa, kochi, chaki. Alitazama kila kitu, hakuruka. "Hii kazi yote umeifanya wewe peke yako?"

"Chanzo cha..."

"Nyamaza."

Akanyamaza. Mtu wa umri ule, ndevu zimeanza mvi, alisimama mikono nyuma kama anangoja kuchapwa. Mkaguzi wa bima, ambaye alikuwa amekwisha kunusa hatari, aliinuka kutoka kwenye ndoo.

"Samahani, bibi, wewe ni nani katika suala hili?"

"Mimi ndiye niliyemzaa dereva."

"Basi nakushauri usiseme lolote. Neno lolote la kuomba radhi, hata la kutoa pole, linaweza kuathiri..."

"Baba," bibi akamkatiza, "mimi nimeajiriwa na nani?"

Mkaguzi akafikiri. "Hujaajiriwa."

"Basi nipishe."

Akampisha. Bibi akapita kando ya gurudumu hadi kwenye mlango wa jiko, Mama alipokuwa amesimama mikono ina povu la sabuni. Wakasalimiana kwa muda, wakaulizana habari za safari na za nyumbani. Sote tulingoja radhi. Mkaguzi alishika kalamu. Lakini bibi hakuanza na radhi.

"Dada," akamuuliza Mama, "siku ile wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Mama akafuta mikono kwenye gauni, akaingia sebuleni, katikati kabisa, mahali ambapo alikuwa hakanyagi. Akanyoosha kidole chini ya bampa. Pale chini, kati ya matofali, ilionekana miguu miwili ya kiti cha mbao, mingine ilikuwa imesagika.

"Pale," akasema. "Mchana mimi hukaa pale. Nikishaweka chungu motoni nakuja pale nanyoosha miguu. Siku nyingine usingizi unanipitia."

"Na siku ile?"

"Nilikuwa nimekaa. Nikasikia harufu, maharage yanaungua. Nikasema ngoja nigeuze mara moja, nirudi. Sijafika hata..." Akaonyesha jikoni kwa kidevu. "Mwiko ndio kwanza nimeushika. Kiti bado kina joto langu, dada."

Na hapo Mama akalia. Mama, ambaye msiba wa Baba aliuendesha akiwa na macho makavu kwa kuwa kulikuwa na wageni wa kulishwa, alilia mbele ya mkaguzi wa bima. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nilikuwa nimegombana na mtaa mzima kwa ajili ya radhi ya mama yangu, nimepima viuno vya watu waliouliza habari za injini, na swali hilo dogo sikuwahi kumuuliza. Sikuuliza kwa sababu alikuwa amesimama.

Bibi akamshika mikono. Kisha akaanza kupiga magoti, palepale kwenye vifusi. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," akasema. "Wangu kafungwa mdomo. Nimekuja kumwombea mimi. Nisamehe, dada, kwa..."

Mama alimdaka kabla magoti hayajafika chini. "Inuka, dada yangu, inuka. Wewe hukunikosea. Ya kwako nimeipokea kwa mikono miwili. Lakini ni ya kwako."

Wakabaki hivyo wameshikana, mmoja anataka kushuka, mwingine anamvuta juu, na hakuna aliyekubali kushindwa. Bwana Chanzo aliwatazama. Mkono ulikwenda mfukoni kwa mazoea, ukafika kwenye kikadi, ukakiacha humo humo. Akaja mbele, akapiga magoti yeye, na hata alipopiga magoti bado alikuwa karibu sawa nao kwa urefu.

"Mama, nisamehe," akamwambia Mama yangu. "Sikuweka jiwe. Jiwe lilikuwepo, nililiona, lilikuwa mbali kidogo na chai ilikuwa inapoa. Niliona uvivu. Basi, hakuna cha kuchunguza."

"Dereva," mkaguzi akanong'ona, "acha, acha..."

"Nilipofika humu ndani hapakuwa na mtu. Vumbi tupu. Nikaona miguu ya kile kiti. Nikalala kifudifudi, kikombe mkono mmoja, nikaingiza mwingine chini ya bampa, napapasa. Nilikuwa natafuta mtu, mama. Natafuta mguu, natafuta mkono, nasema hata kama ni kidole nikikipata nijue. Halafu nikainuka nikakuona mlangoni na mwiko wako. Nilitaka nikukumbatie. Nikatoa kikadi." Uso wote ulikuwa umelowa. "Kila ukinipa chakula naona mkono wako, nasema, ungekuwa haupo. Nisamehe."

Mama akamwekea mkono kichwani, mkono wenye sabuni.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Ndiyo hiyo niliyokuwa naitaka. Inuka sasa, utajikata na vioo."

Mkaguzi alikohoa. Alikuwa mwekundu wa macho, lakini kazi ni kazi. "Mimi nimesikia," akasema kwa huzuni. "Siwezi kusema sikusikia. Itabidi niandike kwamba dereva amekiri."

"Andika," Mama akamwambia. "Na uandike kwamba nimemsamehe."

"Mama, fomu haina sehemu ya msamaha."

"Ina ukingo?"

"Ukingo... inao."

"Basi andika ukingoni."

Akaandika ukingoni, na Mama alisimama nyuma ya bega lake mpaka alipomaliza neno la mwisho.

Nguzo ziliingia siku hiyo hiyo. Lori lilivutwa nje kwa minyororo, mtaa mzima ukishangilia. Fundi redio aliwaelekeza wavutaji kushoto, wakaenda kulia, likatoka salama. Paa likabaki juu. Mchana ule Mama alichukua kigoda chake jikoni, akakiweka sebuleni mbele ya tundu lililo wazi, akanyoosha miguu. Watu walipita wakamsalimia, na katikati ya salamu usingizi ukampitia. Tukaacha alale, mimi na yule bibi, tukachambua maharage kwa zamu.

Ukuta ulilipwa upesi kuliko ilivyotarajiwa. Dereva akishakiri, bima haina la kubishania. Lakini kampuni nayo ilikuwa imesoma kikadi chake yenyewe. Bwana Chanzo alitupigia simu kutoka kwao, akatupa shukrani ndefu, na katikati yake, kama jambo dogo, akatia kwamba amefukuzwa kazi. Akamaliza kwa asante nyingine.

Mama alinirudishia simu. Alikwenda chumbani, akarudi amevaa gauni la kwendea harusi, mkoba mkononi. "Mpigie mama yake," akaniamuru. "Mwambie tutakutana kwenye mlango wa hiyo kampuni."

"Mama, nina sare za watu..."

"Zina miguu? Zitakimbia?"

Ofisi ya kampuni ilikuwa na sakafu inayoteleza na ubaridi wa mashine. Dada wa mapokezi alituangalia tulivyoingia, wanawake wawili wazee wameshikana mikono wasianguke, na mimi nyuma nina sindano bado zimechomekwa kwenye blauzi.

"Tumekuja kumwona mkurugenzi," Mama akasema. "Habari za dereva wenu mliyemfukuza."

"Nyinyi ni nani kwake?"

"Mimi ni mama yake," akasema bibi.

Dada wa mapokezi akaandika, akamgeukia Mama. "Na wewe?"

"Mama yake," Mama akasema.

Kalamu ikasimama. Akamtazama huyu, akamtazama huyu, akatafuta msaada kwangu, kwa kuwa nilionekana mtu wa kusoma. "Na wewe, dada?"

Mimi ndugu ninao wa kutosha, na wengine natamani nisingekuwa nao. Nilikuwa na sare za kumaliza. Na yule mtu alinivunjia televisheni.

"Dada yake," nikasema.

"Mkurugenzi yuko kwenye kikao, na sidhani kama atatoka leo."

Mama akakaa kwenye kiti cha wageni, akavua viatu, akavipanga chini. Mama wa dereva akakaa pembeni yake, naye akavua vyake.

"Hatuna haraka," Mama akasema.